Wekundu Uliompotea Fundi Sura

Watu walimwita Fundi Sura, wala si kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na sura ya kumsimamisha mtu njiani. Alikuwa mwembamba, masikio yamemtoka kama vishikio vya sufuria, na shati lake la kazini lilikuwa limechoka kuliko yeye. Jina alilipata kwa kazi ya mikono yake. Wapiga picha wengine wa mtaa ule walikutoa wanavyojisikia, leo mkaa, kesho mgonjwa. Yeye alikutoa wewe.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia zito. Mbele palikuwa na kaunta, benchi la wateja na taa ndefu nyeupe iliyolalamika kila ilipowashwa. Hapo alikaa mkewe, Mama Pacha, aliyepokea kazi na kugombana na wenye haraka. Pacha wenyewe walikuwa wakubwa, wako shule ya bweni, lakini jina lilibaki nyumbani na wazazi. Nyuma ya pazia palikuwa na kompyuta, printa, kiti chenye mto uliobonyea, na Fundi Sura mwenyewe, pua yake karibu iguse skrini.

Ukitaka kumkasirisha, mwambie mweusi ni mweusi tu. Ungesimama pale mpaka uote mizizi akikufundisha. Kuna weusi unaovuta bluu, alisema, na kuna unaovuta wekundu. Kuna maji ya kunde ya mtu aliyelala vizuri na maji ya kunde ya mtu mwenye madeni. Kuna mtu ambaye paji la uso wake ni kahawia na shingo yake ni zambarau iliyoiva, na ukimpaka rangi moja umemuua. Studio za mjini zilizowafanya watu wote weupe kama waliodondokea pipa la unga alizichukia kwa dhati, akazitukana hata mbele ya wateja. Mkewe hakujua hata nusu ya maneno yale. Alijua nyekundu, nyeusi, nyeupe, na "ile nzuri".

Sasa, mtu huyu aliugua. Alianza kukohoa, akakonda mpaka mkanda ukakosa tundu, na vipimo vikasema ni kifua kikuu. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, na nesi wa kliniki akamweka kitako kumweleza madhara yake: mkojo utabadilika, usishtuke, viungo vinaweza kuuma, tumbo linaweza kusumbua. Mwisho akasema, "Na rangi zikibadilika machoni, baba, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo."

Fundi Sura alilishika hilo barabara, kwa sababu mjomba wake alikufa macho yakiwa ya njano kama limau lililoiva. Basi kila asubuhi alisimama mbele ya kioo cha bafuni, akavuta kope ya chini kwa kidole, akakagua. Meupe. Akavuta ya jicho la pili. Meupe pia. Akameza vidonge vyake, akatoka. Ugonjwa wenyewe hawakumwambia mtu, yeye na mkewe, maana daktari alikuwa amesema haambukizi tena lakini mtaa hauna daktari. Wateja wangeikimbia ile studio kama inaungua.

Ni katika siku hizo ndipo alipokuja mama muuza vitambaa.

Alikuwa na duka kwenye kona, mwanamke mnene wa sauti ya juu ambaye angeweza kukuuzia kitambaa cha pazia ukakivaa harusini. Siku ile sauti aliiacha dukani. Aliweka bahasha juu ya kaunta, akatoa picha ndogo, ya ukubwa wa kitambulisho, iliyokunjamana na kuota ukungu pembeni. Ndani yake mlikuwa na msichana wa shule, nywele fupi, shingo ndefu, anajizuia kucheka. Rangi zote zilikuwa zimekimbia, picha imebaki njano chakavu.

"Ni binti yangu," alisema. "Alishatangulia. Picha zake zote ziliondoka na maji yalipoingia nyumbani. Hii niliikuta ndani ya begi lake."

"Pole sana, mama," Fundi Sura alisema. Alikuwa ametoka nyuma ya pazia mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Nahamia kwa mwanangu mkubwa. Jumapili naondoka, duka nimeshaliachia. Nataka niondoke naye, ukubwa wa kutundika ukutani." Akashika ukingo wa kaunta. "Fundi, nikuambie kitu, usinicheke. Sura yake naikumbuka. Hata sauti. Rangi yake inanitoka. Nikifumba macho namwona kama huyu hapa, njano njano. Mimi! Mtu wa kuuza vitambaa, ninayekutajia rangi gizani. Rangi ya mtoto niliyemzaa inanitoka."

Fundi Sura aliitazama ile picha muda mrefu. Alimwona binti zamani, alipotumwa studio na mama yake kuchukua picha za kitambulisho. Alimkumbuka kidogo. "Jumamosi mchana uje," alisema. "Utamkuta."

Watu wa kazi hii hawaahidi hivyo. Wanasema tutaangalia, tutajitahidi, itategemea. Yeye aliahidi kwa sababu tangu aanze kazi hakuwahi kuipa kazi ya namna hiyo mgongo, na kwa sababu alikuwa na kiburi kidogo, tuseme ukweli.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Aliiingiza picha kwenye kompyuta, akafuta ukungu, akaziba mikunjo, akairudishia kope iliyoliwa na unyevu. Msichana alikaa vizuri, shingo yake na kicheko chake cha kuzuia vikarudi mahali pake. Ikabaki rangi.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Msichana alikataa kupata damu. Fundi Sura alimwongezea wekundu, akabaki kijivu. Akamwongezea tena, akawa na ukijani wa maji yaliyotuama. Akapunguza bluu, akagusa njano, akarudi kwenye wekundu. Ngozi ilikaa pale kwenye skrini kama udongo uliokauka. Kwa kweli hali hiyo ilikuwa imemsumbua wiki kadhaa na picha nyingine, lakini zile alizisukuma tu. Kundi la wahitimu wa chuo lilikuwa limerudisha picha zao likilalamika, na mmoja wao, kijana mwenye mdomo, aliuliza kama walipigwa picha au waliokwa. Fundi Sura alidhani ni utani wa vijana.

Mwishowe binti alionekana na uhai kidogo. Akachapisha nakala ya majaribio, akaipeleka mbele kwa mkewe.

Mama Pacha aliitazama, akamtazama yeye. "Baba Pacha, huyu mtoto mbona umemfanya nyanya?"

"Nyanya vipi?"

"Mwekundu. Mwekundu mpaka anatisha."

"Ni hiyo taa yako ya kaunta. Inakudanganya."

Mama Pacha alichukua picha, akatoka nayo nje, akasimama juani katikati ya njia, pikipiki zikampigia honi. Akarudi. "Na jua nalo linanidanganya?"

Fundi Sura alirudi nyuma ya pazia. Akakaa, akashika tama mbele ya skrini. Alichoambiwa ni kwamba picha ina wekundu mwingi. Alichokiona ni kwamba haina. Basi kilichokuwa kinasema uongo hapo ni nini? Kwa mtu aliyekaa na kompyuta miaka yote ile, jibu lilikuwa wazi. Monita ilikuwa imepoteza wekundu wake. Alipumua. Ubovu wa chombo una dawa.

Akaanza na kebo, kama anavyoanza kila mwenye akili timamu. Rangi hupita kwenye pini, na pini inayobeba wekundu isipogusa vizuri, picha nzima hugeuka ya kijani na bluu. Hilo aliwahi kuliona kwa macho yake kwenye kompyuta ya mteja. Akazima, akafungua skrubu, akachomoa, akapuliza, akatazama kwa tochi ya simu. Akaona pini moja imeinama kidogo! Alitumia koleo ya nyusi ya mkewe kuinyoosha, ulimi nje, jasho linamtoka, maana pini hizo zikikatika umekwisha. Akachomeka, akakaza, akawasha.

Udongo ule ule.

Akahamisha spika ya redio iliyokuwa kando ya monita, asije kuambiwa sumaku ndiyo inayovuruga. Akaingia kwenye vitufe vya chini ya skrini, vile vidogo ambavyo ukibonyeza kimoja kinajibu kingine, akarudisha setingi zote kama monita ilivyotoka kiwandani. Akatafuta kama kompyuta imewasha ile njano ya kupumzisha macho jioni. Haikuwashwa. Akafuta faili la rangi alilolitengeneza mwenyewe kwa uangalifu wa miaka, faili ambalo asingempa hata ndugu yake, akaweka la kawaida. Akamfungua tena binti. Bado.

Siku ikaisha hivyo. Asubuhi alikagua macho yake kwenye kioo, meupe, akameza vidonge, akawahi studio akampigia simu Zima-Washa.

Zima-Washa alikuwa fundi wa kompyuta wa mtaa, mtu mkubwa mwenye begi kubwa, aliyepata jina hilo kwa sababu hata ungempigia kumwambia kompyuta imeibiwa, angekuuliza kwanza kama umejaribu kuizima na kuiwasha. Aliingia akigonga pazia kwa tumbo.

"Fundi Sura! Umejaribu ku—"

"Nimezima. Nimewasha. Usinianzie."

"Basi, basi. Mgonjwa ni nani?"

"Monita. Imekosa wekundu."

Zima-Washa alikaa kwenye kiti, kiti kikalia. Kwa heshima ya kazi akazima na kuwasha. Akabadilisha kebo, akaweka mpya kutoka begini. Akaondoa ile programu inayoiendesha skrini, akaiweka upya, wakangoja mstari ule ujae polepole huku Fundi Sura akisimama nyuma yake akivunja vidole. Mwisho Zima-Washa akafungua ukurasa wa kupimia, ule unaojaza skrini nzima kwa rangi moja moja. Ikaja bluu. "Hii?" "Bluu. Sawa." Ikaja kijani. Fundi Sura akasita, akasema imechujuka kidogo. Ikaja nyekundu.

"Na hii?"

"Unaona sasa? Tofali. Tofali la zamani."

Zima-Washa akageuka na kiti chote. "Tofali? Fundi, usinitanie. Hii ni nyekundu ya pilipili. Inaniumiza macho!"

"Mimi nitanie na picha ya marehemu mezani?"

Zima-Washa akakuna kichwa. Hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Akaenda dukani kwake, akarudi amekumbatia monita yake mwenyewe kama mtoto aliyelala, akaiweka kando ya ile nyingine, akaunganisha zote mbili. Nyekundu ikajaa huku na huku.

"Haya. Hii yangu ni mpya. Linganisha."

Fundi Sura aliinama. Akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia. Tofali na tofali.

"Na yako imekufa," alisema.

Zima-Washa akacheka. Akacheka vizuri, kwa tumbo lote, akidhani huu sasa ndio utani wenyewe, halafu akaona uso wa mwenzake na kicheko kikamkatikia kooni. Akazitazama skrini zile mbili tena, taratibu. "Fundi," alisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "mimi naona zote ziko sawa."

"Huna macho ya rangi wewe! Wewe ni mtu wa waya!"

"Nyekundu, Fundi? Nyekundu inahitaji macho gani?"

"Toka! Beba mavyuma yako utoke!"

Hakuwahi kumfukuza mtu studio ile. Zima-Washa alichomoa monita yake, akakunja waya, akatoka ubavu ubavu kwenye pazia. Fundi Sura alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, akijua amemwonea mtu na bado akimchukia. Aliogopa. Aliogopa mpaka akataka kukojoa. Kuna wakati mtu anajua jambo kabla ya kukubali kulijua, na wakati huo ni mbaya kuliko jambo lenyewe.

Alikaa, akafungua picha ya harusi yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa mizani yake, kila alipobadilisha wino au karatasi aliipima kwa hiyo, maana alikuwapo siku ile na alijua kila kitu kilikuwa na rangi gani. Mama Pacha alivaa gauni jekundu, kwa ubishi, shangazi zake wote walimtaka avae jeupe. Sasa gauni lilikuwa kahawia. Midomo yake ilikuwa ya rangi moja na mashavu.

"Mbona umemfukuza Zima-Washa analia lia?" Mama Pacha alikuwa ameshika pazia. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa.

Fundi Sura alimtazama yeye, si skrini. Hakukuwa na kebo wala pini kati yao.

"Hicho kitambaa chako," alisema, "kina rangi gani?"

"Hiki? Si chekundu? Wewe ndiye uliyenichagulia."

"Naona udongo, mke wangu."

Mama Pacha aliliachia pazia, akaingia, akapiga magoti mbele ya kiti na kumshika mume wake uso kwa mikono miwili, akimtazama jicho moja, kisha la pili. "Tangu lini? Nesi alikuambia nini kuhusu macho? Si alikuambia kitu?"

"Rangi zikibadilika machoni niende. Kila asubuhi nayatazama. Meupe! Hayajawahi kuwa njano hata siku moja, nakuapia."

"Machoni, Baba Pacha." Sauti yake ilianza kukatika. "Alisema machoni. Siyo rangi ya macho. Rangi unazoziona."

Neno lilikuwa moja, na Fundi Sura alikuwa ameligeuza upande kwa wiki na wiki, akasimama nalo mbele ya kioo cha bafuni akijipongeza. Mtu mwenye maneno mengi ya rangi kuliko mtaa mzima, akalielewa vibaya neno la rangi. Angekuwa mtu mwingine angecheka. Aliweka kichwa begani kwa mkewe, akalia kwa sauti, bila kujali benchi la wateja upande wa pili wa pazia.

Kliniki walikwenda mchana ule ule. Nesi alipoisikia habari aliweka mkono kifuani, akamwingiza kwa daktari bila foleni. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, akatoa kitabu chenye kurasa za vitone vya rangi, na ndani ya vitone zimefichwa namba. Ukurasa wa kwanza Fundi Sura aliisoma namba vizuri, akapata matumaini. Wa pili hakuona namba. Wa tatu hakuona. Daktari aliendelea kufunua taratibu na Fundi Sura akaendelea kutazama vitone, vitone tu, kama mchanga, akikodoa, akisogea, akiomba apewe dakika moja zaidi.

"Inatosha, baba," daktari alisema, akafunga kitabu. "Kidonge kimojawapo ndicho kinachogusa mshipa wa jicho. Tunakiacha leo, tunakubadilishia. Wengi macho hurudi, polepole, kwa miezi. Wengine hayarudi kikamilifu." Akaanza kuandika. "Mabadiliko uliyaona lini kwa mara ya kwanza?"

"Wiki kadhaa. Picha zilianza kufifia."

"Na ukaendelea kumeza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuja?"

Fundi Sura alitazama sakafu. "Nilikuwa natengeneza monita."

Daktari aliacha kuandika.

Usiku hakulala, ila tusikae huko. Jumamosi ikafika, na mchana ukafika nayo, na mama muuza vitambaa akaingia amevaa nguo za kutoka, mkononi ana kitambaa laini cha kuifungia picha. Mama Pacha alikuwa amemwambia mumewe abaki nyumbani, yeye atamwomba radhi mteja. Alikataa. Aliahidi yeye, atasema yeye.

Akasema yote. Kikohozi, vidonge, vitone. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Sura nimeitengeneza, mama, imekamilika. Rangi siwezi. Siioni. Ningeweza kukupa rangi ya kubahatisha, lakini ningekuwa nimekuibia."

Mama muuza vitambaa hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye benchi kwa uzito wake wote, akakikunjua kile kitambaa juu ya magoti, akakikunja tena.

"Mimi nimeanza kusahau," alisema, "na wewe huoni. Sasa mwanangu atarudishwa na nani?"

Taa ya kaunta ililalamika. Fundi Sura alitamani sakafu ipasuke immeze, na kama kungekuwa na mtu wa kumpa macho yake yote mawili ili binti yule apate rangi, angemwambia chukua. Alivunjika. Aliyoyajua yote hayakuwa na kazi tena zaidi ya yale ya mpita njia.

Ni Mama Pacha aliyesema, "Twendeni nyuma."

Akakaa yeye kwenye kile kiti chenye mto uliobonyea, akashika kipanya kama anayeshika kitu cha moto. Mama muuza vitambaa akasimama upande mmoja, Fundi Sura upande wa pili. Binti akafunguka kwenye skrini.

"Huo mstari wa juu ndio wekundu," Fundi Sura alisema. "Usogeze kulia. Polepole. Polepole, mke wangu, si mchi huo."

"Naona. Anawaka."

"Rudisha kidogo. Sasa wa chini, njano. Mama, mwangalie shavu, usiangalie nguo. Alikuwaje?"

"Alikuwa…" Mama muuza vitambaa alifunga macho, akafungua. "Sijui. Hapana. Hapo amekuwa kama mgonjwa. Hapo amekuwa kama dada yangu." Sauti ikampanda. "Sijui, jamani! Nimewaambia sijui!"

"Usimtafute kichwani," Fundi Sura alisema. "Tazama tu hapa. Ukimwona utamjua."

Walikwenda hivyo muda mrefu. Yeye alitaja mistari, mkewe akasogeza, mama akakataa. Paji la uso, akasema, lipunguzie mwanga. Shingo iache iwe nzito kuliko uso. Ongeza wekundu kwenye masikio, mtu anayezuia kicheko masikio humjaa damu. Alifanya yote hayo kwa kukumbuka, akiwa amekodolea skrini ambayo haikubadilika hata kidogo mbele yake. Kila mkewe aliposogeza mkono, yeye aliona udongo ule ule, mwanga kidogo, giza kidogo. Alikuwa anamwelekeza mtu njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe, na yeye amefungiwa nje.

"Rudi," mama muuza vitambaa alisema ghafla.

Mama Pacha akashtuka. "Wapi?"

"Nyuma kidogo. Ulipotoka. Rudi… hapo! Usiguse! Usiguse!"

Mkono ulimfika mdomoni. Akainama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu juu ya skrini. "Mama'ngu," alimwambia binti yake, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto asubuhi. "Mama'ngu, umekuja. Ndiye huyu. Ndiye huyu jamani, ndiye yeye kabisa." Akaanza kulia, na Mama Pacha akatazama vizuri kile alichokifanya kwa mkono wake, na yeye pia akalia, wamekumbatiana pale kwenye kiti wanawake wawili, wanalia na kucheka, wanaonyeshana shavu, sikio, pembe ya mdomo.

Fundi Sura alisogea karibu. Alikodoa. Akasogea zaidi, akajiziba mwanga wa dirisha kwa viganja. Alimwona msichana wa kijivu, amejizuia kucheka.

"Mama Pacha," aliita. Hakumsikia. Akamgusa bega. "Yukoje? Niambie. Ana rangi gani?"

Mama Pacha aligeuka, machozi yanamtiririka. Akafungua mdomo amwambie. Akatazama skrini, akamtazama mumewe, akatafuta neno, akalikosa. Maneno yote ya rangi katika nyumba ile yalikuwa ya Fundi Sura.

"Mzuri," alisema mwishowe. "Ni mzuri sana, Baba Pacha."

Naye akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, kama mtu aliyeona.